Bamba la Dhahabu Lililougeuza Mji wa Kaizarani

Wenye kuhifadhi habari za falme zilizokwisha wanatuarifu kwamba katika mji wa Kaizarani, uliokuwa baina ya bahari na mlima wa chumvi, alitawala Sultani Mudhafari bin Nasibu, naye alikuwa mtu mwema, mkarimu, mwenye huruma kwa raia zake, asiye na ila isipokuwa moja, nayo ni kupenda sifa kama mtoto apendavyo halua. Akisifiwa yeye hufurahi, na ukisifiwa mji wake hufurahi zaidi, na mtu aliyetaka cheo Kaizarani hakuhitaji elimu wala nasaba. Ilimtosha kusimama barazani na kusema kwamba katika safari zake zote hajapata kunusa mji wenye harufu njema kama huu. Na mji wenyewe, Mungu atusamehe, ulikuwa na mtaa wa watengeneza ngozi katikati yake.

Na zama zile wafalme walikuwa na desturi, kwamba mfalme akitaka kuposa hapeleki picha ya sura yake, kwa kuwa safari zilikuwa ndefu na sura huzeeka njiani, bali hupeleka picha ya mji wake, imefuliwa kwa nyundo juu ya bamba dogo la shaba, kuta na minara na makuba yametokeza juu kama magoti chini ya shuka, kisha bamba likatiwa maji ya dhahabu likametameta. Na anayeposwa, akiridhia kuendelea na maneno, hujibu kwa bamba la mji wake.

Fundi wa mabamba haya pale Kaizarani alikuwa kijana aitwaye Taufiki bin Shaibu, mwenye mkono mwepesi na ulimi mwepesi kuliko mkono, na tangu ashike nyundo hajapata kufua kitu kilivyo. Mnara mmoja akiutazama hufua mitatu. Ukuta uliobomoka huusimamisha. Mahali penye jaa la taka huweka bustani yenye chemchemi. Na kazi hii, kwa asiyeijua, hufanywa kwa nyuma: bamba hulazwa kifudifudi juu ya lami laini, na fundi hupiga tindo mgongoni mwa bamba, na anachokibonyeza huku hutokeza kule, hata kuume huwa kushoto na shimo huwa kuba, na fundi huizoea hali hiyo mpaka akauona mgongo wa bamba ndio uso wake.

Aliyeyatia mabamba dhahabu alikuwa binti mmoja, jina lake Ruzuna, aliyekaa na mama yake, Bi Salhina, katika nyumba iliyoinama upande, nje kidogo ya lango la mji. Kidevuni alikuwa na kovu la moto wa kazi yake. Taufiki alikuwa amempenda mapenzi ya kukosesha usingizi, na alikwisha mposa zaidi ya mara moja, na kila mara akarudishwa.

"Nikuulize, Taufiki," alimwambia siku moja, huku akipuliza makaa. "Mabamba yako yote yanakomea ukutani. Nyumba yetu iko hatua chache tu nje ya ukuta, nayo hujaifua hata siku moja. Kwa nini?"

"Ruzuna, roho yangu, nyumba yenu imeinama."

"Ndiyo, imeinama. Na mimi nina kovu. Siku ukinioa utanifua upya nami? Nenda zako, kaka. Mchana kutwa naupaka uongo wako dhahabu, sitaki kuja kulala nao."

Ikawa katika mwaka ule Sultani Mudhafari alimpelekea posa Malkia Nawara wa mji wa Tibrani, mwanamke mwenye akili na mwenye kucheka, na bamba alilopelekewa lilikuwa la Taufiki, lenye minara kama msitu. Malkia akajibu kwa bamba la mji wake, zuri nalo, na mjumbe wake akasimama mbele ya kiti cha enzi akasema, "Ewe Sultani mtukufu, bibi yangu anakusalimu salamu zisizo na mpaka, na anasema kwamba macho yake yameshindwa kuliacha bamba lako, na kwa hivyo amekwisha panda ngamia aje auone mji wenyewe. Yuko njiani, na akiukuta ulivyo kwenye bamba, atafunga ndoa nawe siku hiyohiyo."

Sultani alifurahi furaha kubwa, akamvika mjumbe joho, akaamuru ngoma zipigwe. Kisha akaenda dirishani, akautazama mji wake, na ngoma akaamuru zinyamaze.

Taufiki akaletwa mbio, kilemba mkononi. "Ewe fundi," Sultani akasema, na baraza zima likasikia, "wewe uliyenifulia mji ambao sinao, nakuapia kwa kiti hiki cha baba yangu, Malkia akija asipopendezwa na mji huu, kichwa chako hakitapambazukiwa juu ya shingo yako. Haya, nenda. Utajua mwenyewe la kufanya."

Taufiki akarudi kwenye karakana yake, maji yamemfika shingoni. Ukutani palikuwa na bamba la pili la mji, pacha wa lile lililoposa, ambalo alilifua kwa shaba ya dele kuukuu la kahawa alilolinunua kwa muuza vyuma chakavu. Akalitoa, akalilaza juu ya lami kama mkono wake ulivyozoea, na kwa hasira akalipiga nyundo moja ya nguvu, na papo hapo bamba likapiga chafya.

Moshi ukatoka, na katika moshi akatoka jini, naye amejipinda, ameshika kiuno kwa mikono yote miwili.

"Inatosha, bwana," jini akasema. "Mimi ni Karkashi, jini wa ukoo bora, niliyefungwa ndani ya dele na mchawi asiye na adabu. Nilikaa mle kwa raha zangu, kahawa haikukosekana, ukanikata kwa mkasi wa mabati, ukaninyoosha, ukanipiga nyundo mwaka mzima. Uti wa mgongo wangu uko mtaa wa masonara. Goti langu moja ni kuba la msikiti. Sasa kwa kuwa umenitoa, sheria ya kwetu inanilazimu nikutumikie kwa amri mbili, ingawa moyo wangu ungependa kukung'ata."

Taufiki akaanguka kifudifudi kwa furaha, akasema, "Amri ya kwanza ni hii. Ufanye mji wa Kaizarani uwe kama unavyouona kwenye bamba hili."

Jini akainama, akalitazama bamba pale lilipolala juu ya lami. "Kama ninavyouona?"

"Kama unavyouona, bila kupunguza wala kuongeza."

"Na haya mabonde ya mviringo?"

"Hayo ni makuba, mjinga wewe. Yainue," akasema Taufiki, na hata neno hilo halikumzindua, kwa kuwa kwake yeye mgongo wa bamba ndio uso. Jini akainua mabega, akapiga makofi, na mji wa Kaizarani ukageuka.

Loo, uzuri ulioje ule. Minara ikachipua hata juu ya tanuri la mikate. Kila nyumba ikawa na kuba, kila ukuta ukanyooka, kila uchochoro ukawa barabara. Lakini kilichokuwa kuume kilikuwa kushoto, na kilichokuwa kushoto kilikuwa kuume, isipokuwa kibla, kwa kuwa jini alikuwa Mwislamu na hakuthubutu kukigusa. Kasri ya Sultani ikajikuta imekaa begani mwa mtaa wa watengeneza ngozi, upepo wote ukiijia. Mwenye duka la manukato alifungua mlango akakuta wachinjaji. Waziri mkuu, ambaye kila asubuhi hutoka kwake akakata kuume kwenda barazani, alikata kuume akatumbukia katika soko la punda, na baadhi ya watu wanasema hapakuwa na aliyetambua tofauti, lakini hayo ni maneno ya watu.

Na hilo si kubwa. Kubwa lilikuwa hili: fundi wa mabamba huweka bustani na chemchemi, lakini tangu dunia iumbwe hakuna fundi aliyefua choo. Kwenye bamba hapakuwa na choo hata kimoja. Basi mjini hakikubaki hata kimoja, si cha tajiri wala cha maskini, na watu waliligundua jambo hilo mmoja mmoja, katika saa zao mbalimbali, kwa huzuni.

Nyumba moja tu ilisalimika, kwa kuwa ilikuwa nje ya ukuta na bamba halikufika huko, nayo ni nyumba iliyoinama ya Bi Salhina. Kabla jua halijapanda sana msururu wa watu ulikuwa umeanzia mlangoni pake ukapita langoni ukaingia mjini, na Bi Salhina amesimama mbele na mwiko mkononi.

"Aliyetangulia ametangulia," akawa anasema. "Kwangu hapa hakuna kadhi wala mchunga punda. Wewe bwana wa kilemba cha hariri, rudi nyuma, nimekuona."

Na katika msururu ule alikuwemo Sultani Mudhafari mwenyewe. Alitoka kasrini peke yake kwa haraka ambayo haikungoja walinzi, akapotea, akaingia katika jiko la watu akidhani ni hamamu yake, akatolewa, akaufuata umma, na sasa alikuwa amejifunika uso kwa ncha ya kilemba, anahama kutoka mguu huu kwenda mguu ule. Nyuma yake alisimama mwanamke mwenye vumbi la safari, aliyejitanda shela mpaka puani.

"Bwana wangu," yule mwanamke akasema, "samahani kwa kukusumbua. Mji huu una nini? Nimetangulia mbele ya wenzangu, nikaingia langoni, nikazunguka, nikatokea lango hilohilo, na kila niliyemuuliza njia ameanza kulia."

"Bibi, mimi nimezaliwa humu," Sultani akasema, "na leo nimeingia jikoni kwa watu nikataka kuvua nguo. Kwenye jungu palikuwa na maharagwe."

Yule mwanamke akacheka hata akashika ukuta. "Usinichekeshe, bwana, hali yangu si ya kucheka. Na huyo Sultani wenu yuko wapi, anawaacha watu wake namna hii?"

Sultani akaivuta ncha ya kilemba usoni. Hajapata kuulizwa swali kama hilo, kwa kuwa barazani pake maswali yote huja yamekwisha jibiwa.

"Sultani, bibi, alitaka mji wake usifiwe na mtu mmoja aliye mbali," akasema. "Kwa ajili hiyo amewaharibia nyumba walio karibu. Na mimi ninamjua vizuri, nakwambia leo anaona haya."

Akawa amefika mlangoni, na Bi Salhina akanyoosha mwiko kumwita. Sultani akamtazama yule mwanamke, akaona jasho limemtoka kipajini, akafumba macho, akasema, "Bibi, pita wewe kwanza." Na wenye kuyajua mambo ya wafalme wanasema kwamba wako waliotoa majimbo mazima kwa ajili ya mwanamke, lakini hakuna aliyetoa zawadi iliyomgharimu kama ile.

Baada ya adhuhuri baraza likakutana, kwa kadiri watu walivyofanikiwa kulipata. Malkia Nawara akaingia na watu wake, akafunua shela, na Sultani akafunua uso, wakatazamana, na wote wawili wakawa wekundu. Taufiki alikuwa amepigishwa magoti kando ya mwenye upanga.

"Ewe Malkia," Sultani akasema kwa sauti ndogo, "je, umependezwa na mji?"

"Sikupendezwa hata kidogo," Malkia akasema, na mwenye upanga akakunja mkono wa kanzu. "Lakini ngoja. Mimi niliitwa nije kuutazama mji, na nilichokiona leo si mji, ni bamba. Nimekutana na mtu mmoja tu wa kweli tangu nifike, naye alikuwa amejifunika. Nionyesheni Kaizarani yenyewe, ndipo mniulize."

Waziri akainama, akakumbusha kwamba kiapo cha Sultani kilitajwa mbele ya umma, na hakifutiki. Sultani akamtazama Taufiki kwa masikitiko ya kweli. "Basi urudishe mji ulivyokuwa," akasema, "na Malkia akipendezwa nao utapona. Asipopendezwa, nami nitakulilia, lakini nimeapa."

Taufiki akakimbia kwa jini, akamwambia aurudishe mji ulivyokuwa. Karkashi alikuwa amekaa juu ya fuawe, chuma cha kufulia, anajikanda goti.

"Ulivyokuwa mimi niliuona wapi?" jini akasema. "Nilikuwa ndani ya dele, kisha nikawa ndani ya bamba. Nifulie picha, nami nitafanya kama picha. Na safari hii, tafadhali, unilazie uso juu. Mimi nilikaa kule ulikopiga, nilijua mgongo tu, na mgongoni kuume ni kushoto."

Hapo ndipo Taufiki alipofahamu kosa lake, akajipiga kofi la uso. Kisha akachukua shaba mpya, akashika tindo, na tindo likasimama hewani, kwa sababu aligundua kwamba hajui mji wake ulivyo. Alikuwa ameutazama miaka yote kama mtu anayetafuta mahali pa kutia bustani. Ikabidi watu waitwe waje wamweleze, na wakaja wote, na hakuna aliyekuja mikono mitupu.

"Nyumba yangu ilikuwa na ghorofa," Waziri akanong'ona. "Ghorofa mbili. Umesahau tu." Muuza vichwa vya mbuzi akakumbuka kwamba kibanda chake kilikuwa na matao. Kadhi akasema mvungu wa ngazi yake ulikuwa mpana, na mtu asiye na mnazi hata mmoja akadai shamba. Lakini Ruzuna alikuwa amekaa pembeni na makaa yake, na mama yake kando na mwiko, na kila aliyeongeza neno walimpunguzia.

"Ghorofa hiyo, Mheshimiwa, ilikuwa banda la kuku," akasema Bi Salhina.

Watu walipokwenda zao, Taufiki akaweka nyundo chini. "Ruzuna, fikiri kidogo. Nikimfulia Malkia vichochoro vyenye matope na paa zinazovuja, atapendezwa na nini? Mnara mmoja tu. Mmoja wa kumfurahisha. Shingo ni yangu."

"Najua ni ya nani," Ruzuna akasema. "Unadhani mimi silii? Fua unavyotaka. Ila ukifua uongo, tafuta mwingine wa kuutia dhahabu, maana mimi sitaweza kukuzika na huo mkononi."

Taufiki akaurudia mji, akaufua ulivyo: tanuri na moshi wake, kisima na foleni ya ndoo, mtaa wa ngozi pale pale katikati, na vyoo, kila nyumba na chake, visivyozidi ukubwa wa punje ya mtama. Kisha akafika ukutani, mahali ambapo mkono wake ulizoea kuishia, akaona shaba imebaki kidogo. Akaifua nyumba iliyoinama. Akamfua mwanamke mlangoni, amesimama akiwa na kipulizo cha moto mkononi. Akafika kwenye kidevu, na hapo akasita, kwa kuwa alijua chochote kilichomo kwenye bamba ndicho kitakachokuwa, na kuliruka kovu lile ilikuwa kazi ya kutopiga nyundo moja tu. Lakini alipomfikiria bila lile kovu hakumwona Ruzuna, alimwona mtu asiyemjua, na moyo ukamuuma kama aliyefiwa. Akalipiga kovu mahali pake.

Ruzuna alipolipokea bamba akaligeuza kwenye mwanga, akalitazama kwa muda mrefu, na kidole chake kikasimama kwenye nyumba yao. Kisha akalitia dhahabu mpaka akamaliza.

"Kichwa chako kikibaki kesho," akasema, "kilete kwa mama."

Jini akalaziwa bamba uso juu, akapiga makofi, akaaga, akaomba dele la kuhamia, akapewa. Na Kaizarani ikarudi kama ilivyokuwa, na kilio cha furaha kikapanda kutoka nyumba zote, na milango ya uani ikasikika ikifungwa kwa haraka.

Malkia Nawara akautembea mji kwa miguu yake, Sultani ubavuni. Akakanyaga matope. Akaziba pua mtaa wa ngozi. Punda akamlia ncha ya shela. Uso wake haukusema kitu, na nyuma yao Taufiki alitembea baina ya walinzi, akiusoma uso ule kama mtu asiyejua kusoma. Wakaingia kasrini, na katikati ya ukumbi wa enzi palikuwa na beseni, na kutoka darini maji yakadondoka ndani yake, to, to, to.

"Hii nini?" Malkia akauliza.

Mawaziri wakafungua vinywa wote pamoja ili waseme kwamba ni chemchemi. Sultani Mudhafari akainua mkono, wakafumba.

"Panavuja," akasema. "Panavuja tangu enzi za babu yangu. Kila mwaka tunaziba, na kila mwaka panavuja."

Malkia akaanza kucheka, akacheka hata akakaa chini kwenye ngazi ya kiti cha enzi. "Kwangu kunavuja pawili," akasema. "Na lile bamba la Tibrani nililokuletea, ule mnara mrefu kuliko yote haupo. Fundi aliniambia pasingependeza pakiwa patupu. Nimekuja njia nzima nikiogopa siku utakayotaka kuja kuuona." Akafuta machozi, akainuka, akasema kwa sauti ya kusikika barazani, "Nimependezwa na mji, na nimependezwa na mwenye mji. Mleteni kadhi."

Sultani akampa Taufiki mfuko wa dhahabu, na kumpa cheo cha fundi mkuu wa falme mbili, na kumsomea hotuba ndefu ya shukrani yenye beti katikati, lakini alipofika kwenye beti akatambua kwamba anaisomea nafasi tupu. Taufiki alikwisha toka mlangoni, anakimbia kuelekea nje ya ukuta, ameshika kichwa chake kwa mikono miwili kana kwamba kinaweza kudondoka kabla hajakifikisha.

Wakaoana siku moja, mfalme na malkia, na fundi na Ruzuna, na wakaishi kwa mapenzi na kugombana kama watu wazima, na mali yao ikawa nyingi, maana wafalme walianza kuagiza mabamba ya kweli kwa bei kubwa kuliko ya uongo. Na wewe uliyesikia hekaya hii, ukienda kuposa, mwambie mwenzako mapema paa linapovuja, kwa sababu ipo siku itanyesha na yeye atakuwa amelala chini yake.